Madola makubwa, shaba na sisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kutoka Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa wale wanaouliza kuhusu Marekani, China, Urusi na Ulaya, na kuhusu zile nadharia za maendeleo ambazo wanafunzi wa Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, wanazikariri usiku kabla ya mtihani. Majibu yanatoka Lubumbashi, mji wa Kongo ya Kinshasa uliozaliwa na shaba mwaka 1910, kwa hiyo msomaji wa Dar au Mombasa asishangae mifano ikirudi kwenye madini kila mara. Baadhi ya maswali tumeyaacha kwa Kiswahili cha huku kwetu, kama yalivyoulizwa.

Dola kubwa ni nchi ya namna gani?

Msomi Mmarekani William Fox aliandika juu yake mwaka 1944: nchi yenye nguvu nyingi, na yenye uwezo wa kuipeleka nguvu hiyo popote duniani. Alizitaja tatu, yaani Marekani, Muungano wa Kisovyeti na Uingereza. Uingereza haikudumu kwenye orodha hiyo, na Muungano wa Kisovyeti ulivunjika Desemba 1991.

Kwa mtu wa Lubumbashi kuna kipimo rahisi zaidi. Dola kubwa ni ile ambayo ofisa wake akisaini karatasi kwao, bei inabadilika kwenu. Agosti 2023 China iliamua kwamba madini ya germani, yanayotumika kwenye nyaya za intaneti na vifaa vya kijeshi vya kuonea gizani, hayatoki nchini bila kibali. Desemba 2024 ikakataza kabisa yasiuzwe Marekani. Sasa tazama lile lundo jeusi la mabaki ya tanuri ambalo kila mtoto wa Lubumbashi amekua akiliona, lile linalochorwa kwenye kalenda na kwenye fulana. Ndani yake mna germani. Mwaka huohuo wa 2024 kampuni ya STL, tawi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliafikiana na Umicore ya Ubelgiji kuisafirisha. Takataka za enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, zikageuka mali kwa sababu ya mvutano wa Beijing na Washington.

Kati ya Marekani na China, nani mukubwa?

Inategemea unapima nini. Ukihesabu uchumi kwa kuzingatia gharama ya maisha ya kila nchi, takwimu za FMI (Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) zinaonyesha China iliipita Marekani katikati ya miaka ya 2010. Ukihesabu kwa dola za kawaida, Marekani bado iko mbele. Kwa majeshi, Marekani iko mbele kwa mbali.

Lakini swali lenye faida kwetu ni hili: kila mmoja ameshika nini? China imeshika viwanda. Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa mno ya kobalti hiyo inasafishwa China. Marekani imeshika fedha. Nenda soko lolote la Lubumbashi na noti ya dola 100 iliyochanika kidogo pembeni, kama upana wa ukucha. Mama ataiinua kwenye mwanga, ataipitisha vidoleni, atakurudishia bila neno. Noti hiyo hiyo ukiwa New York ungeitumia bila shida. Hapa kwetu tunaiheshimu dola kuliko wenyewe wanavyoiheshimu, na benki kuu yetu haina mamlaka yoyote juu yake.

Nguvu ya dola haionekani sokoni peke yake. Desemba 2017 Hazina ya Marekani ilimwekea vikwazo mfanyabiashara Mwisraeli Dan Gertler kwa mambo ya migodi ya Kongo. Glencore, ambayo ilidaiwa malipo yake, ilijikuta haiwezi kumlipa kwa dola. Mwaka 2018 ikatangaza kwamba itamlipa kwa yuro. Mgodi uko Kolwezi, kampuni ni ya Uswisi, mlipwaji ni Mwisraeli, na bado neno la Washington ndilo lililoamua malipo yafanyike kwa noti gani.

Bei ya shaba inapangwa na nani?

Inapangwa katika soko la metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877. Tangu 2012 soko hilo ni mali ya kampuni ya soko la hisa la Hong Kong. Bei inatajwa kwa dola za Marekani. Kwa hiyo shaba ya Kolwezi inapewa bei Uingereza, kwa fedha ya Marekani, katika nyumba yenye mwenyewe China. Hakuna kiti chetu humo.

Kama tuko na madini yote hii, juu ya nini tunabakia maskini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba na ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Wakongomani karibu 73% wanaishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Mtu akikupa jibu la sentensi moja, mshukuru na uendelee kuuliza.

Kuna jibu la Prebisch na Singer. Raúl Prebisch alikuwa Muargentina aliyeongoza tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kilatini. Karibu mwaka 1950, yeye na Hans Singer, kila mtu kwa njia yake, waliona kwamba kwa muda mrefu bei ya malighafi inashuka ikilinganishwa na bei ya vitu vya kiwandani. Mwenye kuuza mawe atalazimika kuuza mawe mengi zaidi kila kizazi ili anunue trekta ileile. Sisi tulilionja hilo kwa ghafla: shaba ilipanda sana mwanzoni mwa 1974, na kabla mwaka mmoja haujaisha bei yake ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Bajeti ya Zaire ilikuwa imepangwa kwa bei ya juu, na mikopo ilikuwa imeshachukuliwa.

Kuna jibu linaloitwa ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu Uholanzi iligundua gesi Groningen mwaka 1959 kisha viwanda vyake vingine vikadhoofika. Fedha za kigeni zinaingia kwa wingi, kila kitu kinapanda bei, mkulima wa ndani anashindwa na mahindi ya nje. Anayekula bukari (ugali) Lubumbashi anajua unga mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na mpaka ukifungwa siku chache bei ya mfuko inaruka. Ardhi ya kulima mahindi tunayo. Ugonjwa tunao pia.

Halafu kuna jibu la taasisi. Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walipewa Nobel ya uchumi mwaka 2024 kwa kuonyesha kwamba mahali wakoloni walipojenga utawala wa kukamua, utawala huo uliendelea hata bendera ilipobadilika. Nawaelewa, na mfano wa Kongo unawafaa. Lakini wakati mwingine jibu lao linawapa nafuu sana walio nje, kana kwamba taasisi mbovu ziliota zenyewe kama uyoga.

Chukua Gécamines. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Miaka saba baadaye hazikufika 50,000. Ni nini kilitokea hapo katikati? Faida ilikamuliwa na Kinshasa bila kununua mashine mpya. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Halafu, na hili wengi hapa hawapendi kulitaja, mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walifukuzwa Katanga, yaani huku kwetu, na miongoni mwao walikuwa mafundi na wahandisi waliokuwa wakiendesha viwanda hivyo. Hilo hatukufanyiwa na dola kubwa yoyote.

Zile "hatua tano" za Rostow bado zina maana?

Walt Rostow alizitoa mwaka 1960: nchi inatoka kwenye jamii ya jadi, inajiandaa, inaruka kama ndege, inakomaa, mwisho inafika kwenye ulaji wa wingi. Aliziandika waziwazi ili kushindana na ukomunisti, na kuanzia 1966 hadi 1969 alikuwa mshauri wa usalama wa rais wa Marekani. Kwa hiyo zisome kama nadharia na kama silaha kwa wakati mmoja.

Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya enzi za ukoloni, ya miaka ya 1950 ingempendeza Rostow. Ilikuwa na hospitali, nyumba za matofali za wafanyakazi, reli, viwanda, umeme. Ila nchi nzima ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30. Ndege ilikuwa kwenye uwanja, imejaa mafuta, na hakuna mwenyeji aliyefundishwa kuirusha.

Nadharia ya utegemezi si visingizio tu?

Inaweza kuwa kisingizio, na wanasiasa wetu wameitumia hivyo vizuri sana. Lakini kwanza isikilizwe. Andre Gunder Frank, akiandika juu ya Amerika ya Kilatini, alisema umaskini wa upande mmoja na utajiri wa upande wa pili ni mchakato uleule. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliileta hoja hiyo Afrika mwaka 1972. Immanuel Wallerstein akaipanua: kuna kitovu, kuna pembezoni, na kuna nchi za katikati ambazo zinanyonywa na kunyonya.

Ukitaka kuiona nadharia hiyo kwa macho, simama Kasumbalesa asubuhi. Kamioni zimepanga mstari unaopotea kwenye vumbi. Juu ya matrela kuna mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na mengine yamebeba mifuko mikubwa myeupe ya hidroksidi ya kobalti. Yanaelekea Durban, Dar es Salaam, Walvis Bay, Beira. Kamioni zinazoingia zimebeba asidi, mashine, unga, na biskuti. Frank asingehitaji kuongeza neno.

Udhaifu wake ni kwamba haikutuambia vizuri jinsi ya kutoka. Mobutu alijaribu njia ya mkato Novemba 1973 kwa kile kilichoitwa zairianizasheni: maduka na mashamba ya wageni yakapewa wenyeji, yaani marafiki wa utawala. Mwaka haukwisha rafu zikawa tupu. Utegemezi haukupungua, ulibadilisha sura tu.

Basi Korea walifanyaje?

Mwaka huohuo wa 1973, wakati sisi tunagawana maduka, Korea Kusini ilianza kutoa chuma katika kiwanda cha Pohang. Benki ya Dunia ilikuwa imeukataa mradi huo, ikisema nchi maskini isiyo na madini ya chuma haina sababu ya kuwa na kiwanda cha chuma. Kwa nadharia ya Ricardo ya 1817, ya kila mtu kufanya anachokiweza kwa nafuu, Benki ilikuwa na hoja. Wakorea wakachukua fedha walizopata kwa mkataba wao wa 1965 na Japani, waliyokuwa koloni lake, wakajenga.

Walifuata kitu cha zamani kuliko wanavyokiri wakubwa wa leo. Alexander Hamilton aliiomba Marekani ilinde viwanda vyake vichanga mwaka 1791. Mjerumani Friedrich List alisema mwaka 1841 kwamba Uingereza, baada ya kupanda juu kwa ngazi ya ulinzi, iliipiga teke ngazi na kuanza kuhubiri biashara huria. Kila dola kubwa ya leo ilipitia hapo.

Lakini Korea ilikuwa na mambo mawili ambayo sisi hatukuwa nayo. La kwanza, Marekani ilitaka Korea ifanikiwe kwa sababu ya jirani yake wa kaskazini, ikaifungulia soko lake. La pili, serikali ya Seoul, ya kidikteta na yenye mkono mzito, iliwanyima mikopo wenye viwanda walioshindwa kuuza nje. Kwetu mkopo ulikuwa zawadi.

Vita Baridi vilitugusa vipi, sisi wa Katanga?

Vilianzia hapa kabla havijaitwa hivyo. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa kutengeneza bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa ameshapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, kabla hata Wamarekani hawajajua watayafanyia nini.

Tangu siku hiyo Katanga haikuachwa peke yake. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga, huku kodi za Union Minière zikilipwa kwake na maofisa Wabelgiji wakiwa nyuma yake. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville kwa ndege na kuuawa usiku huohuo porini. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walibeba lawama ya kimaadili. Kamati ya Seneti ya Marekani ilikuwa imeeleza mwaka 1975 jinsi CIA ilivyopanga kumtilia Lumumba sumu. Jino lake, kitu pekee kilichobaki, lilirudishwa Juni 2022.

Wazee wanakumbuka zaidi Kolwezi. Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Ndege za Marekani zilisaidia usafiri. Mobutu aliokolewa, kama alivyookolewa mwaka mmoja kabla na askari wa Morocco. Hapo ndipo utaelewa kwa nini hakulazimika kuwasikiliza wananchi wake: waliomweka walikuwa mbali, na walikuja alipowaita.

FMI na Benki ya Dunia walituharibu ao walitusaidia?

Yote mawili, na kwa mpangilio wa ajabu. Mwaka 1978 FMI ilimleta Mjerumani Erwin Blumenthal kukaa ndani ya benki kuu ya Zaire. Ripoti yake ya 1982 ilisema wazi kwamba wizi wa wakubwa ni mwingi kiasi kwamba wenye kukopesha wasitegemee kurudishiwa fedha zao. Mikopo iliendelea. Zaire ilikuwa rafiki wa Magharibi katikati ya Afrika, na urafiki huo ulikuwa na bei.

Deni likabaki kwa watoto. Mwaka 2010 Kongo ilifutiwa dola bilioni 12.3, baada ya miaka ya masharti. Moja ya masharti hayo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawajalisahau. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, ambao uliitwa "départs volontaires", kuondoka kwa hiari. Papa mmoja wa Kamalondo, jirani yangu, bado analitamka neno hilo kwa kukohoa. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa muda mrefu. Hiari yake ilikuwa kuchukua zile dola ama kuendelea kungoja. Akanunua friji auze soda baridi. Umeme haukuwepo.

Nadharia nyuma ya mpango huo ndiyo ile John Williamson aliyoipa jina la Makubaliano ya Washington mwaka 1989: serikali ipunguze matumizi, iuze mashirika yake, ifungue milango. Kwenye karatasi, Gécamines ilikuwa na watu wengi kuliko kazi, na hilo ni kweli. Ila Gécamines ilikuwa pia shule, hospitali, na mgao wa unga kila mwezi. Nadharia ilihesabu mishahara, haikuwahesabu watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Bachina ni bamarafiki ao ni bakoloni bapya?

Wengi wanataka jibu la neno moja. Nitoe mfano wa mkataba badala ya hisia.

Aprili 2008 Kongo na kampuni za China walisaini mkataba uliozaa kampuni ya Sicomines: China ijenge barabara na hospitali, ilipwe kwa shaba na kobalti ya Kolwezi. Jumla ilitajwa kuwa dola bilioni 9. FMI ikapinga, kwa sababu serikali ilidhamini deni wakati inaomba kufutiwa mengine, na mwaka 2009 ikapunguzwa hadi bilioni 6, nusu yake miundombinu. Upande wa Kongo ulipewa hisa 32%. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Kongo ulitoa hesabu yake: Wachina wamepata karibu dola bilioni 10, na miundombinu iliyojengwa ina thamani ya milioni 822. Machi 2024 mkataba ulirekebishwa na sehemu ya miundombinu ikapandishwa hadi bilioni 7.

Kwa mtazamo wangu hapo hakuna ukoloni, kuna mkataba mbaya. Mkoloni Mbelgiji hakukuuliza. Mchina alileta karatasi, na mtu wetu akaisaini bila kupima kwanza mgodi una shaba kiasi gani. Swali langu ni kwa yule aliyeshika kalamu upande wetu.

Na tusisahau nani aliuza. Mgodi wa Tenke Fungurume ulikuwa mikononi mwa Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2016 Wamarekani wenyewe waliuuza kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Washington haikunung'unika wakati ule. Leo inanung'unika: mwaka 2024 Chemaf, kampuni ya hapahapa Lubumbashi, ilitangaza inauzwa kwa Norin Mining ya China, Gécamines ikapinga, na mwaka 2025 mpango ukafa.

Reli ya Lobito na Tazara: ni maendeleo ao ni mashindano?

Reli za huku hazijawahi kuwa reli tu. Ya kwanza ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, kwenye makoloni ya Waingereza. Njia ya Benguela kwenda bandari ya Lobito, Angola, ilikamilika mwaka 1931 na kukatwa na vita vya Angola kuanzia 1975. Karibu wakati huohuo China ilimaliza Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kusema haina faida.

Sasa geuza picha. Upande wa Angola wa njia ya Lobito ulikarabatiwa na Wachina, halafu mwaka 2022 ukasainiwa mkataba wa kuukabidhi kwa miaka 30 kwa ushirika wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, na Marekani ikaahidi mkopo wa dola milioni 553. Joe Biden alikwenda Lobito Desemba 2024. China nayo mwaka 2025 ilisaini kuifufua Tazara. Kila mmoja anavuta shaba ileile upande wake, mmoja bahari ya magharibi, mwingine ya mashariki.

Sehemu ya katikati ni ya SNCC, shirika letu la reli, na ni chakavu. Ukisafiri kwa treni yake beba chakula cha siku zaidi ya ulizoambiwa. Yeyote atakayeshinda mashindano haya atapita juu ya mataruma yetu, na hapo ndipo penye nafasi ya kudai: behewa za abiria, ushuru wa mahindi, bei sawa kwa mfanyabiashara mdogo. Katika matangazo yote ya Lobito, abiria hatajwi sana.

Kufunga kobalti mwaka 2025 kulikuwa ni akili?

Ninadhani ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2018 kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 25,000, kwa sababu ilichimbwa kupita mahitaji. Februari 2025 serikali ikasimamisha kuuza nje, na kuanzia Oktoba ikaweka mgao kwa kila kampuni. Bei ikapanda sana.

Jaribio la namna hiyo lilishafanywa. Mwaka 1967 Chile, Peru, Zambia na Kongo walikutana Lusaka wakaunda CIPEC, umoja wa wauza shaba. Bei ilipoanguka 1974 walijaribu kupunguza mauzo, ikashindikana. Hawakufika nusu ya shaba ya dunia, shaba ya zamani inayeyushwa upya, na kila mwanachama alikuwa na madeni ya kulipa. Ni kama mama wa nyanya katika soko la Kenya (hii ni komini yetu, yaani wilaya ya mji, si nchi): hana friji, ana mkopo wa likelemba (upatu) wa kulipa jioni, mteja anangoja saa kumi ndipo aje kutaja bei yake.

Kwa kobalti sisi tunashika zaidi ya theluthi mbili, kwa hiyo mkono ni mzito zaidi. Hatari yake iko kwenye betri za chuma na fosfati, zisizotumia kobalti hata gramu. Wachina wanazitengeneza kwa wingi, na kobalti ikipanda sana watazidisha.

Kwa nini betri zisitengenezwe hapa?

Kongo na Zambia zilisaini mpango wa betri Aprili 2022, Marekani ikaunga mkono kwa karatasi Desemba mwaka huo. Indonesia ilikataza kuuza nikeli ghafi Januari 2020, na kampuni za China zikahamishia matanuri huko. Kwa hiyo inawezekana.

Kinachokwamisha ni umeme. Nyaya za Inga hadi Katanga, kilomita zipatazo 1,700, zilikamilika mwaka 1982 kwa mikopo iliyoongeza deni la taifa, zikapita juu ya vijiji visivyo na taa. Leo migodi inanunua umeme Zambia na mitaa ya Katuba inakaa gizani kwa zamu. Bila umeme hakuna kiwanda, hata rais yeyote asaini nini.

Redio na burse (ufadhili wa masomo) ni nguvu pia?

Ndiyo. Joseph Nye aliiita nguvu laini mwaka 1990: kumfanya mtu atake unachotaka bila kumpiga wala kumlipa. BBC ilianza Kiswahili mwaka 1957, Redio Peking mwaka 1961. Moscow ilikipa chuo kikuu jina la Lumumba mwaka 1961, ikaliondoa 1992, ikalirudisha 2023. Kwa upande mwingine, Marekani mwaka 2025 ilinyamazisha Sauti ya Amerika na kuifunga USAID. Nguvu hii ni ya bei nafuu kuinunua na ni ghali kuirudisha.

Makubaliano ya Washington ya 2025 yatatuletea nini?

Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilisaini amani mbele ya Wamarekani, huku Goma na Bukavu zikiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari na Februari. Marais walisaini tena Desemba, pamoja na ushirikiano wa madini kati ya Kinshasa na Washington. Hadi tunaandika, ndugu zetu wa Kivu hawajaona amani inayolingana na karatasi hizo. Kubadilishana madini kwa ulinzi tulishakufanya enzi za Mobutu.

Tuchague dola gani?

Hakuna. Botswana ilibaki na De Beers kwa miaka mingi, ikagawana nao nusu kwa nusu kampuni ya Debswana, na mwaka 2013 kazi ya kuuza almasi ikahamishwa kutoka London kwenda Gaborone. Hawakubadilisha rafiki. Walijifunza almasi kuliko rafiki alivyotaka wajifunze, wakangoja mkataba uishe.

Na ile 15% ya komini yetu, iko wapi?

Sheria ya madini ya 2018 inasema mrabaha ni 3.5% ya thamani kwa shaba na 10% kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa ya kimkakati. Nusu inakwenda Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini au sheferi (eneo la chifu) yenye mgodi, na 10% kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo kampuni inatakiwa itenge 0.3% ya mauzo yake kwa ajili ya jamii inayoizunguka.

Fedha hizi haziombwi kwa balozi wa China wala wa Marekani. Zinalipwa na kampuni moja kwa moja kwenye akaunti ya komini, na ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini, zilizo wazi kwenye intaneti kwa Kifaransa, zina majedwali ya malipo kwa kila kampuni. Kabla ya kwenda kwa burugumesta, mkuu wa komini, chapa ukurasa wa mwaka unaoutaka, zungushia mstari wa kampuni yenu, na uende na watu wawili watatu wa mtaa. Akisema faili iko Kinshasa, muulize namba ya akaunti ya komini.